Mazungumzo na Vijana: Taa na Giza Ndani ya Muchezo



Mwezi huu tuzungumuze juu ya ugomvi mumoja unaoingia katika nyumba nyingi saa za jioni, pale kuranti inaporudi. Kijana amekaa mbele ya ordinatere, ao ameinamia telefone. Papa anapita nyuma yake, anaona kioo cheusi, makaburi, mifupa inayotembea, na kiumbe chenye pembe. Anasema: «Zima ile kintu, iko giza sana!» Kijana anajibu bila kugeuka: «Papa, kama giza haiko, muchezo haiko.»

Kila mutu anabaki na neno lake. Lakini swali lenyewe ni zuri, halipaswi kuishia katika kelele: muchezo wa namna hii unapaswa kuwa na giza kiasi gani? Anayesema «zima» bila kutazama hajajibu. Anayesema «ni muchezo tu» hajajibu vilevile. Basi leo tutazame pamoja, polepole.

TUNASEMA JUU YA MICHEZO GANI?

Tunasema juu ya michezo ya video ambayo ndani yake unachukua nafasi ya mutu fulani katika inchi ya kubuniwa: muaskari, mwanamuke mwenye upinde, ao mutu wa uchawi. Anaanza bila nguvu, kisha kidogo kidogo anapata silaha, nguo za chuma na ufundi. Kuna hadithi, kuna mapango, kuna hazina, kuna maadui.

Ili tusiseme ovyo, tuchukue muchezo mumoja ambao jina lake peke yake linaogopesha wazazi: Diablo, neno la Kispania ambalo maana yake ni Ibilisi. Ulitengenezwa California, kule Marekani, na kampuni Blizzard, ukatoka wakati mwaka 1996 ulipokuwa ukigeuka kuwa 1997. Ulifuatwa na Diablo II mwaka 2000, Diablo III mwaka 2012, na Diablo IV mwaka 2023. Nimeuchagua kwa sababu hii: wachezaji wake wenyewe waligombana na watengenezaji juu ya giza, mbele ya watu wote, na ugomvi wao unaweza kutufundisha sisi pia.

TAA NDOGO CHINI YA KANISA

Katika muchezo wa kwanza unafika katika muji mudogo unaoitwa Tristram. Hapo kuna kanisa kubwa la zamani, na chini yake kuna njia zinazoshuka sakafu kwa sakafu, zote pamoja 16. Nne za kwanza ni za kanisa lenyewe, nne zinazofuata ni makaburi, nne ni mapango, na nne za mwisho ni jehanamu. Huko chini kioo ni cheusi karibu chote. Kuna tu duara la mwangaza linalomuzunguka mutu wako, hatua chache kila upande. Ukisogea, linasogea pamoja nawe. Kati ya vitu unavyookota kuna vile vinavyopanua mwangaza huo, na vingine vinaupunguza.

Wasomaji wetu wanaoshuka chini ya udongo kule Kamoto ao Kipushi hawahitaji maelezo mengi. Munajua taa ya kofia. Munajua kwamba pale chini, taa ikizimika, huoni hata mukono wako mwenyewe. Mutu wa juu anaweza kusahau jua siku nzima; mutu wa chini hasahau taa yake hata dakika moja. Wale waliotengeneza Tristram walielewa jambo hilo. Giza lao haliko rangi ya kupaka ukuta tu. Ni giza la kukufanya upende mwangaza, utembee kwa uangalifu, na usikilize vizuri, maana unaweza kumusikia adui mbele ya kumuona.

Tena kuna mahali pa kurudia. Ukipanda mujini unasikia gitaa ya nyuzi 12, muziki wa Matt Uelmen, wenye huzuni na upole pamoja. Unakuta watu. Pepin anaponya vidonda. Griswold anafua vyuma. Farnham analewa kila siku, kwa sababu alishuka chini pamoja na watu waliodanganywa na askofu mukubwa Lazarus, akaona mambo ambayo hawezi kuyasahau. Wirt ni mutoto mwenye muguu wa muti: viumbe vya giza vilimukamata, na alipookolewa, muguu ulikuwa umepotea.

Katika mazungumzo hayo huoni damu. Lakini giza la muchezo linaingia moyoni kupitia watu hawa kuliko kupitia mifupa yote ya chini. Unajua sasa unashuka juu ya nani. Mulevi yule si wa kuchekwa, na mutoto yule si pambo. Muchezo ambao hauna watu wa namna hii unaweza kuwa mweusi kama makaa na bado ukawa mutupu.

WALE WALIOKASIRIKIA RANGI

Mwezi wa 6 mwaka 2008, kule Paris, Blizzard walionyesha Diablo III kwa mara ya kwanza. Katika picha kulikuwa majani mabichi, mwangaza wa buluu ndani ya mapango, hata upinde wa mvua kwenye maporomoko ya maji. Wachezaji wengi walikasirika. Maelfu waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba rangi zile ziondolewe. Wengine walichukua picha za kampuni, wakazitia weusi wao wenyewe, ili kuonyesha vile walivyotaka.

Jay Wilson, aliyeongoza kazi ya muchezo ule, alikataa. Sababu zake zilikuwa za ufundi. Maadui wakija wengi kwa mara moja, muchezaji anapaswa kuwatofautisha mbio. Tena, kama kila mahali pana rangi ya majivu, jicho linachoka.

Muchezo ulipotoka mwaka 2012, watengenezaji walikuwa wameficha ndani yake mahali panapoitwa Whimsyshire: mawingu yenye kucheka, maua, farasi wenye pembe moja, na upinde wa mvua juu. Ulikuwa utani kwa wale waliolalamika. Na wale farasi wazuri wanakuua sawasawa na mashetani!

Nani alikuwa na haki? Ninaona kila upande ulishika nusu. Wachezaji walikuwa na haki kusema kwamba hatari inahitaji uzito. Kama unaingia jehanamu na kila kitu kinang'aa sawa fataki za sikukuu, unakimbia tu, unapiga tu, huogopi na hufikiri. Watengenezaji nao walikuwa na haki kusema kwamba giza likiwa mahali pote, halina kazi tena. Linabaki kuwa kioo kilichozimwa.

Lakini pande zote mbili zilibishana sana juu ya rangi, na rangi si neno la kwanza. Neno la kwanza ni taa. Tusiulize tu: «Pana weusi kiasi gani?» Tuulize: «Mwangaza uko wapi, unatoka kwa nani, na inanigharimu nini kuushika?» Muchezo unaweza kuwa na giza lote ambalo taa yake inaweza kulijibu. Giza likipita taa, limezidi. Taa ikifuta giza lote, hadithi imekufa.

NGAO AO TAA?

Kuna muchezo mwingine unaoonyesha jambo hili wazi zaidi. Ni Dark Souls wa mwaka 2011, uliotengenezwa Japani na kampuni FromSoftware, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Ndani yake kuna makaburi ya majitu ambamo huoni karibu kitu chochote. Unaweza kubeba taa iliyotengenezwa katika fuvu la kichwa. Lakini taa hiyo inakaa mukononi, katika mukono uleule unaoshika ngao. Basi lazima uchague: kuona njia, ao kujikinga. Hakuna mutu anayekueleza maana yake kwa maneno. Unaielewa kwa miguu yako.

Na katika inchi ile ngumu, furaha ya muchezaji ni moto mudogo. Ukifika penye moto, unaketi, unapumzika, vidonda vyako vinapona. Muulize kijana aliyeucheza, atakuambia juu ya mioto ile kwa sauti nyingine kabisa. Giza ndilo lililofanya moto mudogo kuwa kitu kikubwa.

Kuna jambo lingine tena. Baada ya safari ndefu katika matope na makaburi, unafika katika muji wa Anor Londo, na hapo jua linang'aa juu ya kuta kubwa. Unasema: sasa nimepona. Kumbe jua lile ni kiinimacho, na hadithi inaweza kukufunulia hilo baadaye. Vijana, mushike neno hili, maana litawafaa nje ya muchezo pia: kitu chenye kung'aa kinaweza kusema uongo, na kitu chenye giza kinaweza kusema kweli. Muzazi anayepima muchezo kwa rangi ya kioo peke yake anaweza kufukuza ule wenye kufikirisha, akaacha ule wenye rangi za peremende ambao unafundisha wizi na dharau.

HATA KITABU CHETU HAKIFICHI GIZA

Ndugu mumoja anaweza kusema: «Pasta, Mukristo ana kazi gani na giza?» Turudi katika Biblia. Katika Kutoka 10 kuna siku tatu za giza zito katika Misri, hata watu wakashindwa kuonana, lakini Waisraeli walikuwa na mwangaza katika makao yao. Katika Zaburi 23 kuna bonde la kutisha, na muchungaji anapita ndani yake pamoja na kondoo wake. Hakuna mahali ambapo Biblia inapaka bonde lile rangi nzuri ili tusiogope. Inaliita kwa jina lake, kisha inaonyesha nani anatembea pale pamoja nasi.

Hivyo, giza katika hadithi si zambi kwa sababu ni giza. Hadithi inayoita uovu kuwa uovu, na inayotuonyesha bei yake, inaweza kumusaidia kijana. Hadithi inayofanya uovu kuwa utamu ndiyo yenye sumu, hata kama imejaa jua.

GIZA LINAZIDI WAPI?

Turudi kwa Diablo wa kwanza, kwa mwisho wake. Unapomushinda yule Ibilisi wa chini, unagundua kwamba mwili wake ulikuwa mwili wa mutoto: Albrecht, mwana wa mufalme, aliyechukuliwa kwa nguvu. Kisha shujaa wako anashika jiwe lililofunga roho ile mbaya, analisukuma ndani ya paji la uso wake mwenyewe. Anafikiri kwamba ataushika uovu kwa nguvu zake, usitoke tena. Katika Diablo II tunaona vile mambo yalivyomugeuka. Ameshindwa. Tristram imechomwa moto. Griswold, yule mufua vyuma muzuri, amekuwa muzimu wa kutisha.

Hapo ndipo giza kubwa la muchezo ule lilipo, na haliko katika damu. Kijana wa miaka 18 anaweza kukaa na papa yake usiku muzima juu ya swali lile: je, mutu anaweza kuutia uovu ndani yake na kusema «nitaulinda mimi mwenyewe»? Ni swali la mulevi anayesema atakunywa chupa moja tu. Ni swali la kijana anayeingia katika kundi la wezi akisema atalibadilisha kutoka ndani.

Lakini mutoto wa miaka 8 hawezi mazungumzo hayo. Yeye ataona mutoto mwenzake aliyeuawa, basi, na usiku hatalala. Kule Marekani muchezo huu unabeba alama ya herufi M, maana yake ni kwa watu wa miaka 17 na zaidi. Alama hiyo inaandikwa kwenye karto. Kwetu, michezo mingi inapita kutoka mukono kwa mukono katika flashi, bila karto, na alama inapotea njiani. Basi wewe muzazi unapaswa kuwa ile alama.

NENO KWA WAZAZI

Ninapashwa kusema jambo moja bila kuzunguka. Kuna watoto katika miji yetu ambao wameitwa walozi. Wengine waliitwa hivyo kwa sababu ya ndoto, wengine kwa sababu ya kukojoa kitandani, wengine kwa sababu papa alipoteza kazi. Mutoto ambaye ameonekana akicheza muchezo wenye mashetani anaweza kuangukia katika mikono hiyo mibaya. Musifanye hivyo! Mutoto anayeangalia picha ya pepo hana pepo kwa sababu ya picha. Kama haiko ya umri wake, ondoa muchezo, bakiza mutoto. Na kama mutu anajiita mutumishi wa Mungu na anakuambia mutoto wako ni mulozi, ujue kwamba sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009, juu ya ulinzi wa mutoto, inamuazibu mutu anayemushitaki mutoto uchawi. Giza la kioo linazimwa kwa kidole. Giza la kufukuzwa nyumbani linamufuata mutoto miaka mingi.

NAMNA YA KUPIMA

Kijana, mbele ya kuomba ruhusa, na wewe muzazi, mbele ya kuitoa ao kuinyima, mujiulize maswali haya matano pamoja:

1. Taa iko wapi? Kuna mahali pa kupumzika, mutu wa kuokoa, neno la matumaini? Ao ni kuua tu, toka mwanzo mupaka mwisho?

2. Uovu unaitwa nani? Adui ni adui, ao muchezo unakulipa ili ufurahie mateso ya asiye na kosa?

3. Ni wa umri gani? Usiangalie urefu wa mutoto. Angalia usingizi wake. Kama anaogopa kwenda inje usiku baada ya kucheza, jibu umelipata.

4. Unachukua nini mufukoni? Mwaka 2022 Diablo Immortal ulitolewa kwa telefone, na wachezaji wengi walilalamika kwamba unawavuta kulipa tena na tena. Shetani wa kuchorwa hakuli unga wa nyumba. Franka zinazokwenda bila hesabu, zinaula.

5. Ukizima, unaweza? Kijana anayeweza kuzima aitwapo kwenye chakula anaongoza muchezo. Asiyeweza anaongozwa.

Na kama jibu la maswali haya ni zuri, muzazi, usiwe mugumu bila sababu. Vuta kiti, kaa nusu saa pembeni yake. Muombe akuonyeshe muji, watu wake, na ile taa. Muulize: «Huyu mulevi, alipatwa na nini?» Utajua mengi juu ya muchezo, na mengi zaidi juu ya mutoto wako, maana kijana anayeshindwa kusema «ninaogopa» juu ya maisha yake mara nyingi anaweza kulisema akizungumuza juu ya mutu wa kubuniwa.

Na wewe kijana, usimuambie papa wala mama kwamba «hawaelewi». Katika nyumba zetu kuna wakubwa walioshuka katika giza ambalo hakuna ordinatere iliyoweza kulichora: waliopoteza ndugu katika shimo lililoanguka, waliotembea kwa miguu wakati wa vita. Kama kioo cheusi kinawasumbua, pengine kinawakumbusha kitu. Uwaulize kwa heshima. Nao walikuwa na taa yao. Waombe wakuambie ilikuwa ni nini.

Katika ibada ya nyumbani juma hili, someni Zaburi 23 pamoja, kisha kila mutu aseme bonde lake na taa yake. Wadogo waanze, wakubwa wafuate.

Bwana awalinde ninyi nyote, wa juu na wa chini ya udongo. Mupaka mwezi ujao.